Kundi la Ukoo: Idi na kompyuta ya shangazi

Idi: Shikamooni wakubwa. Shangazi, ramu, ile kumbukumbu ya kompyuta, imefika, nipo dukani kwako. Nafungua boksi la kompyuta sasa hivi.

Shangazi Rehema: Marahaba baba. Polepole lakini, hiyo mashine ndiyo inayolisha watu 😅

Bamdogo Sele: Idi, simama hapohapo. Umeizima?

Idi: Ndiyo bamdogo. Kioo cheusi tii.

Bamdogo Sele: Kioo cheusi siyo kuzimwa. Sikiliza feni.

Idi: ...inazunguka

Zuhura: 😂😂😂 imelala tu hiyo

Bamdogo Sele: Iamshe, hifadhi kazi za watu, halafu uizime kwenye menyu. Usiing'ang'anie kitufe.

Shangazi Rehema: Barua ya mwenyekiti wa mtaa ipo wazi!! Idi usiipoteze

Idi: Nimeihifadhi. Nimezima. Feni kimya. Nafungua

Bamdogo Sele: BADO. Zima ukutani, kisha chomoa waya nyuma ya boksi. Na wa kioo, na wa printa.

Idi: Si nimeshazima bamdogo, umeme utoke wapi tena?

Bamdogo Sele: Waya ukiwa umechomekwa, pawa saplai (kile kiboksi cha umeme humo ndani) inaendelea kupeleka volti 5 kwenye madabodi, ule ubao mkuu, hata mashine ikiwa imezimwa. Kile kitaa kidogo unachokiona ndani kinawashwa na nini? Ukipachika ramu hapo unaweza kuiunguza. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama 10, kimalize kilichobaki.

Idi: Weee! Feni imeshtuka nusu mzunguko ikatulia 😳

Bamdogo Sele: Umeona sasa.

Musa: Samahani bamdogo, fundi wa huku kwetu hachomoi. Anazima swichi ya ukutani tu, anasema ethi, ule waya wa ardhini, inamlinda.

Bamdogo Sele: Ana hoja, ethi inapeleka umeme tuli ardhini. Ila swichi ya soketi mara nyingi inakata waya mmoja tu, ule wa moto. Aliyefunga nyaya za nyumba akiwa amezigeuza, umezima na moto bado umo. Halafu ile eksitensheni ya dada ni ya miguu miwili, hiyo ethi itapitia wapi? Chomoa.

Shangazi Rehema: Eksitensheni yangu imekukosea nini wewe

Bamdogo Sele: 😂 Nisamehe dada. Idi, umesimama juu ya nini?

Idi: Zulia. Nimevaa soksi, Dodoma baridi bwana

Bamdogo Sele: Toka kwenye zulia, vua soksi na hilo sweta. Usiku ukivuta blanketi huoni cheche? Hewa ikiwa kavu hivyo mwili unajaza umeme tuli. Mpaka uusikie ukikuchoma umeshafika kama volti 3,000, na humo ndani kuna vidude vinakufa hata chini ya 100, wala hutajua. Sisi huku Dar jasho linatusaidia kidogo.

Zuhura: Kwa hiyo avae glavu za jikoni?

Bamdogo Sele: Hapana. Aguse chuma kitupu cha boksi, pasipo na rangi, ili yeye na boksi wawe sawa. Arudie kila akisogea. Mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli ni bora zaidi, lakini najua hana.

Shangazi Rehema: Na vumbi je? Nimeshaloweka kitambaa

Bamdogo Sele: DADA 🙆🏾‍♂️ kianike hicho kitambaa. Brashi laini na blowa, na feni aizuie kwa kidole isizungushwe na upepo. Na Idi, boksi la pawa saplai usilifungue hata skrubu moja. Kapasita zake, vile vidude vya kutunza umeme, zinabeba volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa mkononi mwako.

Idi: Sawa. Nimeshafungua. Vumbi la miaka hilo, kuna na mjusi mkavu 🤢

Shangazi Rehema: Astaghfirullah

Bamdogo Sele: Piga picha nyaya zote kabla hujagusa kitu. Ramu ishike kingoni, usiguse meno ya dhahabu.

Idi: Bamdogo, haiingii. Nisukume?

Bamdogo Sele: USISUKUME. Tuma picha ya zote mbili, mpya na ya zamani.

Idi: 📷📷

Bamdogo Sele: Angalia pengo la katikati, hayalingani. Mashine inatumia ramu aina ya DDR3, wewe umenunua aina nyingine, DDR4. Haitakaa hapo hata ukiiombea dua.

Zuhura: 💀💀💀

Idi: Risiti ninayo...

Shangazi Rehema: Basi rudisha mfuniko, mwenyekiti anafuata barua yake saa mbili asubuhi.