Tupeane uzoefu: TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakitoa tahadhari, nyumbani kwako mnafanya nini?

Mama wa Kigogo
Habari zenu ndugu. Naanza mimi. Aprili 2021 tulitangaziwa Kimbunga Jobo. Nilinunua mishumaa, nikawapeleka watoto kwa shangazi yao Kimara, nikakesha. Kukacha, jua. Tangu hapo mtaani kwetu ukiwataja TMA unachekwa, na mimi nikaacha kuwasikiliza. Mvua za El Niño za 2023 zikanikuta hivyo hivyo: redio imesema, nimelala. Saa nane usiku nashusha miguu kitandani, maji ya magoti. Niliokoa watoto na simu tu. Vyeti vyao vya kuzaliwa vilikuwa kwenye begi uvunguni. Na kwetu haikuwa imenyesha sana. Mto Msimbazi unaopita kwetu unajazwa na mvua ya huko juu, Pugu na Kisarawe. Nyie wenzangu mlisikia nini, mkafanya nini?

Mvuvi Kivinje
Pole sana dada. Ila Jobo hatukudanganywa. Kilikuwepo, kikaishiwa nguvu baharini kabla hakijafika. Mei 2024 walipotangaza Kimbunga Hidaya, nahodha wetu alisema hatoki mtu. Tukavuta vyombo juu, mashine tukaziweka ndani. Vijana walinung'unika, na siwalaumu: usipoingia baharini leo, leo hiyo hiyo watoto hawali. Tarehe 4 upepo ukaja. Nina miaka 22 kwenye kazi hii, sijausikia mfano wake. Barabara ikakatika Somanga, Lindi na Dar hakupitiki. Ngalawa yetu ipo mpaka leo.

Abuu Unguja
Siku zile zile nilikuwa bandarini Dar, boti zimesimamishwa, nami nawahi msiba. Niligomba sana. Mzee mmoja akanishika bega: "Mwanangu, msiba mmoja unatosha." Nikalala kwa rafiki Temeke. Maziko ya mjomba yalinipita. Yananiuma, lakini sijutii.

Wa Muhoro
Sisi Rufiji, Aprili 2024, taarifa tulipata. Ila bibi yangu mafuriko anayajua tangu utoto, ndiyo yanayoleta rutuba ya mpunga. Akasema atapanda dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo, maji yatapungua kama siku zote. Na kweli, aende wapi? Aliyemwambia "hama" hakumwambia pa kuhamia, wala mpunga wake amwachie nani. Siku ya tatu tulimfuata kwa mtumbwi, maji yamefika sakafu ya dungu.

Mama wa Kigogo
Pole kwa bibi. Mwenzenu nauliza: angalizo na tahadhari si kitu kimoja?

Mvuvi Kivinje
Hapana. Ngazi ni tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwenye angalizo mimi naangalia kamba na nanga. Ikifika tahadhari siingii majini. Wewe wa bondeni angalizo litoshe kutoa begi uvunguni.

Mama wa Kigogo
Vyeti vipya nimevipeleka Kimara. Wa Muhoro, bibi yuko wapi sasa?

Wa Muhoro
Amerudi kwake. Dungu amelipandisha.