Kolibri wa Kuba au suni wa Rubondo: yupi achorwe?

Mama Ilemela: Habari za jioni wadau. Mwanangu wa darasa la sita kaambiwa achore mnyama mmoja mdogo na aeleze anavyojimudu kimaisha. Wamebaki wawili: kolibri nyuki, ndege wa Kuba, na suni, paa mdogo wa kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Mimi nampenda suni, yeye roho yote iko kwa kolibri. Nisaidieni.

Mwl. Nyakato: Dada, mwache na kolibri wake. Ndiye ndege mdogo kuliko wote duniani: sentimita 5 hadi 6, gramu 2 hivi. Kiganja cha dagaa kinamzidi uzito. Mabawa hupiga mara 80 hivi kwa sekunde, ndiyo maana anaweza kuelea mbele ya ua kama aliyetundikwa kwa uzi. Nguvu hizo zinamfanya atafute nekta (maji matamu ya maua) na vidudu mchana kutwa. Usiku kolibri wengi hujizima: joto la mwili hushuka, moyo hupunguza mwendo, mpaka kuche. Hapo ndipo pa kuelezea.

Mzee wa Kirumba: Ila asije akaandika kwamba kamwona Capripoint, hapa Mwanza. Kolibri wote wako Amerika. Yule wa kifua chekundu kwenye maua yetu ni ndege aitwaye chozi, na mara nyingi hutua kwanza ndipo anyonye.

Kijana wa Nkome: Mimi niko na mama. Suni ni paa wa kilo 4 hadi 6, mabega yake hayafiki goti la mtu mzima. Alipelekwa Rubondo miaka ya 1960, na mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa. Akihisi hatari huganda kichakani, na kwa rangi yake ya majani makavu unampita hatua chache tu usimwone. Ukizidi kumsogelea ndipo anachomoka, kulia, kushoto, kapotea. Maji huyapata kwenye majani na matunda anayokula. Kinachomponza ni kupita njia zilezile kila siku; mtegaji akishazijua, anaweka kitanzi. Hilo linaniuma sana. Mnyama kajificha kutwa nzima kwa ustadi ule, kisha ananaswa mguu kwenye njia yake mwenyewe.

Mama Ilemela: Nimemsomea yote. Anauliza, suni naye hujizima usiku?

Kijana wa Nkome: Hapana mama, usiku ndio wake. Mchana analala kivulini, jioni anatoka kula. Mwambie aanze kuchora kichaka, suni amchore mwisho, aonekane jicho na sikio tu.