Ushauri jamani: Biblia ninayo, kuisoma ndiko kwanishinda

Mama Nafaka

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mimi nauza nafaka soko la Kongowea, Mombasa: maharagwe, ndengu, mahindi. Huamka saa tisa unusu usiku, kwa sababu malori ya kutoka bara hushusha kabla hakujakucha, na ukichelewa unaachiwa gunia lililotobolewa na wadudu. Adhana ya alfajiri ikilia, jirani yangu Mwislamu ameshatia udhu, mimi nabishana na hamali. Narudi nyumbani Mshomoroni jua likitua, napika, nakagua daftari za watoto, nalala. Biblia iko juu ya kabati, nimeifunika kitambaa cha kufuma. Jumapili naiteremsha, Jumapili naipandisha.

Sikuona shida. Nilijiambia mchungaji ndiye aliyesomea, basi yeye asome, mimi nisikize.

Mwezi wa pili tulikuwa na mkutano wa jioni, akaletwa mhubiri mgeni. Akafungua Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Wenzangu, mtu wa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, ukimtajia kushindiliwa na kusukwasukwa umempata! Mteja wangu wa siku zote nampimia hivyo hivyo. Najaza mkebe, naupigapiga ubavuni punje zishuke, nashindilia kwa kiganja, naongeza kichuguu juu mpaka zingine zimwagikie mkekani. Nikaliona gorogoro la Mungu kwa macho yangu. Nikatoa shilingi 9,000, nayo ilikuwa karo ya kijana wangu. Kijana alikaa nyumbani wiki tatu nami nikingoja kumwagikiwa.

Mwezi wa nne nikasema sasa nasoma mwenyewe. Nikaanza Mwanzo, tamu. Kutoka ikanishika. Kufika Walawi, kwenye figo mbili na kitambi kilicho katika ini, nikalala juu ya kitabu. Tangu siku hiyo sijakifungua, na kila nikikitazama pale juu naona kama chanidai.

Ni lazima kila siku? Na mtu kama mimi aanzie wapi? Msinicheke.

Pwani Tupu

Pole dada. Lakini niwie radhi nikuulize. Gunia likishushwa kwenye lori, si watia bambo kwanza, kile chuma cha kuchomea gunia, uone ya katikati yakoje? Huyo alikuonyesha ya juu tu, ukafunga mkataba.

Mama Nafaka

😂 Umenichoma. Lakini kweli.

Mzee wa Rabai

Marahaba mwanangu. Nimefundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi na hicho kisa chako nimekisikia kwa sura nyingi. Aliyekusomea mstari ule hakukudanganya neno hata moja. Alikukatia tu. Shika Luka 6 uanzie mstari wa 27. Utakuta wapendeni adui zenu, kopesheni msitumaini kupata kitu, msihukumu, achilieni. Ndipo kije kile kipimo. Habari yote ni jinsi unavyowapimia watu, na zaidi wale waliokukosea. Kupanda pesa kama mbegu hakumo, bahasha ya sadaka haimo.

Hii si hila mpya. Mathayo 4, Ibilisi amempandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamsomea Zaburi ya 91, ile ya malaika kukuchukua mikononi. Akakomea mstari wa 12. Wa 13 unasema simba na nyoka watakanyagwa, huo hakuutaka! Na Yesu hakujibu kwa maneno mapya. Alisema "imeandikwa" mara tatu, na mara zote tatu alichota Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Wala jangwani hatusomi kwamba alikuwa na gombo mkononi. Alikuwa amelibeba kifuani.

Ndiyo maana ya kusoma, mwanangu. Si kwamba kuna hesabu mahali inawekwa. Biblia yetu ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka inambidi sura tatu au nne kila siku, na huyo hashushi magunia saa kumi. Walawi iache, utairudia. Anza Marko, sura 16, ndiyo Injili fupi kuliko zote. Kipande kimoja tu, pale kichwa kidogo cha habari kinapoanza mpaka kinapofuata kingine. Ukimaliza jiulize: kabla ya hapa palisemwa nini, na baada yake je? Basi, nenda kazini.

Na hicho kitambaa kitandike kwenye meza.

Boda wa Mtwapa

Mimi nisome lini? Nilijaribu ile ya kusikiliza kwa simu, sikio moja tu, lingine la honi. Miezi sita. Abiria ni walewale, polisi ni walewale. Siwezi kuwadanganya kwamba nimebadilika.

Pwani Tupu

Zamani ulikuwa ukikatiwa njia unatoa matusi mpaka Bamburi inasikia. Juzi nilikuwa nyuma yako, ulisonya tu.

Boda wa Mtwapa

Hiyo ni uzee.

Dada wa ng'ambo, Likoni

Nimewacheka lakini Boda amegusa jambo. Mimi husoma nikisubiri feri. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, foleni ndiyo ndefu. Nasoma Mithali kwa sababu ina sura 31, nafuata tarehe ya mwezi, sina haja ya kukumbuka nilikomea wapi. Asubuhi nyingi hapaniingii kitu. Namaliza sura, ukiniuliza nimesoma nini, sikijui wala hakinijui.

Mimi ni karani wa ghala. Siku moja mkubwa wangu akaniletea karatasi, magunia yaliyoingia yameandikwa 400. Yaliyoshuka nilihesabu mwenyewe, 388. Akasema weka sahihi, hao wenyewe hawahesabu. Kalamu mkononi, nikasikia kichwani "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana". Mithali 11:1. Nilikuwa nimeisoma wiki tatu nyuma nikipigwa mabega na watu wa foleni, wala sikuitia maanani. Nikamwambia bosi, niandike 388 au sahihi aweke yeye.

Msingoje niseme nilipandishwa cheo. Nilihamishwa dawati la nyuma lisilo na feni, na niko huko hadi leo. Nakwambia tu kwamba lile neno lilikuja siku lilipohitajika, na lisingekuja kama halikuwahi kuingia.

Kijana wa Mji wa Kale

Mimi Mwislamu, nimepita tu, mtanistahi. Nyanya yangu haishi kusoma Qur'ani na hajawahi kujilazimisha juzuu nzima isipokuwa Ramadhani. Baada ya sala ya alfajiri ni kurasa mbili, akiumwa nusu ukurasa. Anasema anayechota kwa kata kila siku hawezi kulinganishwa na aliyebeba pipa mara moja akaumia mgongo.

Na mama, hiyo Biblia ya Kiswahili kazi yake ilianzia mjini kwetu. Mmishonari Krapf alifika Mombasa 1844, akaanza kutafsiri Mwanzo mwaka huohuo akisaidiwa na kadhi wa hapa. Julai hiyo mkewe na mtoto mchanga wakafa kwa homa, kaburi liko ng'ambo ya Nyali. Naye akaendelea na kazi. Sasa wewe waifunika kitambaa?

Mzee wa Rabai

Ahsante mwanangu kwa kutukumbusha. Huku Rabai twaisimulia sana hiyo.

Mama Nafaka (wiki tatu baadaye)

Nimerudi. Kitabu kiko kibandani, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi la maharagwe. Nasoma malori yakishaondoka, kabla wateja hawajajaa. Siku nne nimekosa, sijafa. Kuna hamali mmoja ananiuliza "leo wamefika wapi?" kama anafuata mchezo wa redio, ikabidi niwe nasoma kwa sauti.

Zile 9,000 hazijarudi, msiulize. Yule mhubiri nilikuwa namtukana kila nikipima ndengu, ile Luka ya mstari wa 37 imenikaa kooni, bado siko tayari.

Lakini Mzee, jana Marko 4 nimelikuta gorogoro tena! Mstari wa 24. "Angalieni msikialo, kipimo kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa." Nikafanya ulivyonifunza, nikasoma ya juu na ya chini yake. Hapa pesa haitajwi kabisa. Kinachopimwa ni kusikia. Nimepatia, au nimetia bambo pembeni?