Uzoefu wa kuendesha taasisi: uwe sharti la kugombea urais au apime mpiga kura mwenyewe?

Upeo (mleta mada)

Wakuu, kila msimu wa uchaguzi, nchi moja baada ya nyingine, hoja hii inarudi: mtu hakabidhiwi hata idara ya kampuni bila kuulizwa aliwahi kusimamia nini, ila nchi nzima, pamoja na jeshi na hazina yake, inaweza kukabidhiwa kwa yeyote aliyetimiza umri. Na ni kweli. Katiba ya Marekani inadai uraia wa kuzaliwa, miaka 35 na kuishi nchini miaka 14, basi. Tanzania inadai uraia wa kuzaliwa, miaka 40, chama cha kukusimamisha na sifa za kuwa mbunge. Kenya wameongeza shahada ya chuo kikuu. Wote hao hawamuulizi mgombea amewahi kuongoza nini.

Nimeweka mezani njia tatu tuzilinganishe. Sheria iweke sharti la uzoefu wa uongozi, asiyenao asigombee. Au sheria ikae kimya kama ilivyo sehemu nyingi, mpiga kura aamue. Au sheria isimfungie mtu mlango, ila kila mgombea alazimike kuanika rekodi yake: aliongoza nini, watu wangapi, fedha kiasi gani, nani alikagua hesabu, aliondokaje. Mimi naegemea hiyo ya tatu. Nitaeleza sababu nikishawasikia.

Nahodha

Ya kwanza, bila kupepesa macho. Rais anateua wakuu wa taasisi, anapelekewa bajeti, anasoma taarifa za wakaguzi. Mtu ambaye hajawahi kumwajibisha hata msaidizi mmoja ataendeshwa na waliomzunguka.

Chukua Liberia mwaka 2005. Ellen Johnson Sirleaf alikuwa amepitia Benki ya Dunia, Citibank na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mpinzani wake alikuwa George Weah, nyota wa soka. Weah aliongoza duru ya kwanza, Sirleaf akashinda ya pili kwa takribani asilimia 59. Nchi ilikuwa imetoka vitani na imeelemewa na madeni. Kufikia 2010 alikuwa amefanikisha kufutwa kwa zaidi ya dola bilioni 4 za deni la nje. Wadai wale aliwajua, hesabu zao alizijua, na alijua wanataka kuona karatasi gani ndipo wakubali. Hayo hujifunzi ukiwa umeshaapishwa.

Zamaradi

Nahodha, njia yako ipo tayari, haihitaji kubuniwa. Singapore wanayo kwenye katiba. Anayetaka urais kwa kupitia utumishi wa umma lazima awe ameshika wadhifa mkubwa kwa angalau miaka 3: uwaziri, uspika, ujaji mkuu na nyadhifa za aina hiyo. Anayetoka sekta binafsi lazima awe ameongoza kampuni kwa miaka 3, na tangu mabadiliko ya 2016 kampuni hiyo iwe na mtaji wa wanahisa wa wastani wa dola milioni 500 za Singapore, tena yenye faida. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa milioni 100.

Sasa tazama kilichotokea. Mwaka 2017 uchaguzi ulitengewa wagombea wa jamii ya Wamalay pekee. Wafanyabiashara wawili walijitokeza, kampuni zao hazikufikia kiwango, wakaenguliwa. Akabaki Halimah Yacob, aliyekuwa Spika, akatangazwa rais bila kura hata moja kupigwa. Simsemi vibaya Halimah, sifa alikuwa nazo. Ninachosema ni kwamba mamilioni ya watu walikosa siku yao ya kupiga kura kwa sababu ya mstari mmoja kwenye mizania.

Na kuna jambo watu hulipita. Rais wa Singapore haendeshi serikali. Kazi yake kubwa ni kulinda akiba ya taifa na kuridhia uteuzi wa wakubwa fulani. Anayeendesha serikali ni waziri mkuu, na yeye sharti hilo la milioni 500 halimgusi. Hata huyo mlinzi wa akiba, uzoefu wake haukumsaidia kufungua makabati: Ong Teng Cheong, rais wa kwanza kuchaguliwa na wananchi mwaka 1993, aliwahi kuwa naibu waziri mkuu, lakini alipoomba orodha ya mali za serikali alijibiwa kwamba kuikamilisha kungehitaji miaka 56 ya kazi ya mtu mmoja. Tatizo lake lilikuwa maofisa kutompa taarifa, na hilo wasifu haulitibu.

Wakili wa Pembeni

Mimi nauliza swali moja: nani atapima? Ukishaandika "awe na uzoefu wa uongozi", lazima kuwe na watu watakaoketi na kusema huyu anao, yule hana. Katiba ya Iran, ibara ya 115, inataka rais awe mtu mwenye uwezo wa kusimamia na kupanga mambo. Ukiisoma peke yake huna la kupinga. Lakini anayepima ni Baraza la Kulinda Katiba, na mwaka 2013 baraza hilo lilimwengua Akbar Hashemi Rafsanjani, mtu aliyekuwa rais wa nchi hiyohiyo kuanzia 1989 hadi 1997. Mahmoud Ahmadinejad, naye rais wa miaka 8, alienguliwa 2017 na tena 2021. Kama miaka 8 ya urais haikutoshi kukupitisha kwenye mchujo wa urais, ujue mizani haikuwekwa kupima uzoefu.

Pakistan nao walijaribu sharti la karatasi. Mwaka 2002, chini ya mtawala wa kijeshi Pervez Musharraf, waliweka sharti la shahada kwa wagombea ubunge. Kwa mkupuo mmoja raia wengi wakapoteza haki ya kugombea, vyeti vya madrasa vikakubaliwa kuwa sawa na shahada, na baadaye ikaibuka kashfa ya vyeti bandia. Mahakama ya Juu ya nchi ililifuta sharti hilo 2008. Sharti la uzoefu wa uongozi litakwenda njia hiyohiyo, kwa kuwa barua ya "aliwahi kuwa mkurugenzi" ni rahisi kutengeneza kuliko shahada.

MamaHesabu

Nimekuwa mhasibu kwenye kampuni binafsi, kisha kwenye taasisi ya umma, kwa hiyo niseme ninachokijua. Kwenye kampuni, mkurugenzi aliingia asubuhi akasema fedha za matangazo zihamie kwenye mashine. Mchana hati zimesainiwa, jioni muuzaji ameshapigiwa simu. Kwenye taasisi ya umma, kuhamisha fedha kutoka kasma (fungu la bajeti) moja kwenda nyingine kuna kibali chake, kuna anayekitoa, na kuna anayeweza kukikataa. Zabuni inatangazwa, aliyeshindwa anakata rufaa, na rufaa inasikilizwa kweli. Tuliletewa bosi kutoka sekta binafsi, mchapakazi, mkono wake safi kabisa. Aliuona utaratibu ule kuwa ni uzembe, akaagiza vifaa kabla ya kibali. Mkaguzi akaandika hoja, na muda mrefu ukapotea tunajibu hoja badala ya kufanya kazi.

Ndiyo maana sikubali neno "uzoefu" litajwe tupu. Lee Myung-bak wa Korea Kusini alipewa ukurugenzi wa Hyundai Construction akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Akawa meya wa Seoul, akafukua mto wa Cheonggyecheon uliokuwa umefunikwa kwa zege na barabara ya juu, kazi ikakamilika 2005 na watu wakaipenda. Akaingia ikulu Februari 2008. Aprili serikali yake ikakubali kufungua soko kwa nyama ya ng'ombe ya Marekani, haraka, kama mtu anayefunga mkataba wa ujenzi. Wananchi waliokuwa na hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe walijaza mitaa wakiwa na mishumaa kwa wiki kadhaa, mpaka rais akaomba radhi hadharani. Na mwaka 2018 alihukumiwa kifungo kwa rushwa na ubadhirifu, kesi iliyogusa kampuni aliyodaiwa kuimiliki kwa siri. Kwa wasifu, huwezi kupata mgombea aliyejaza fomu kumzidi huyo.

Nahodha

Dada, hiyo ni mifano ya kuokota. Naweza kukuokotea wasiokuwa na uzoefu walioharibu, na ni wengi kuliko wako. Weah mwenyewe aliushika urais 2018, na mwaka 2023 wapiga kura wakamwondoa baada ya muhula mmoja.

MamaHesabu

Okota tu. Hiyo ndiyo hoja yangu: ikiwa pande zote mbili zina mifano ya kutosha, sheria haina msingi wa kumfungia mtu nje. Herbert Hoover, kabla ya kuwa rais wa Marekani, alikuwa mhandisi wa migodi aliyesimamia chakula cha Wabelgiji wakati wa Vita vya Kwanza, kisha waziri wa biashara tangu 1921 hadi 1928. Uwezo wake wa kuendesha mambo ulijulikana dunia nzima. Mwaka 1930 wachumi zaidi ya 1,000 walimwomba asisaini sheria ya Smoot-Hawley iliyopandisha ushuru wa bidhaa kutoka nje, akasaini.

Kibwana

Mnamsahau Lula, rais wa Brazil. Fundi wa vyuma, hakuwahi kuongoza kampuni wala wizara. Alichoongoza ni chama cha wafanyakazi wa viwandani São Bernardo, migomo ya mwisho wa miaka ya 1970, chini ya serikali ya kijeshi. Alishindwa urais 1989, 1994 na 1998. Aliposhinda 2002 mgombea mwenza wake alikuwa José Alencar, mwenye viwanda vya nguo, na benki kuu akamkabidhi Henrique Meirelles aliyeongoza BankBoston. Yaani alichokosa alikitafuta kwa wenye nacho. Kujua unapopungukiwa na kuteua mtu anayekuzidi ni kazi ya rais, na hakuna sharti la kisheria linaloweza kuipima.

Upeo (mleta mada)

Kibwana umegusa nilipokuwa nataka kufika. Mkurugenzi wa kampuni anaongoza watu anaoweza kuwafukuza. Rais anaongoza wasiofukuzika: bunge, mahakama, wapinzani, magavana, na wananchi ambao wengine hawakumpa kura na hawatampa kamwe. Vicente Fox aliongoza Coca-Cola Mexico, akawa gavana wa Guanajuato, akashinda urais 2000. Mageuzi yake ya kodi yalikwama kwa sababu chama chake hakikuwa na wabunge wa kutosha, na wabunge hawaamrishwi kama mameneja wa mauzo.

Kiongozi wa mgomo hana mshahara wa kumkatia mtu. Kila asubuhi lazima awashawishi upya watu wanaoweza kurudi kazini na kumwacha peke yake getini. Kwangu huo ni uzoefu unaokaribia urais kuliko ukurugenzi, lakini fomu ya Singapore haina mahali pa kuuandika. Ndiyo maana naikataa njia ya kwanza. Ya pili pia hainitoshi, kwa sababu mpiga kura anaambiwa apime huku hana cha kupimia, ana mabango na nyimbo tu.

Fomu ninayoitaka iulize, pamoja na hayo niliyotaja mwanzo: taja maamuzi yako yaliyokataliwa na watu waliokuwa na mamlaka ya kukukatalia, na ulifanya nini baada ya hapo. Ijazwe kwa kiapo, kusema uongo liwe kosa, tume iitoe hadharani miezi kabla ya kura.

Wakili wa Pembeni

Hapo nipo nawe, kwa sharti kwamba tume inachapisha tu. Isiwe na mamlaka ya kumwengua mtu kwa jibu baya. Ukiipa kalamu hiyo, tumerudi kwenye baraza lile la Iran.

Nahodha

Sijaridhika. Fomu bila adhabu wengi hawataisoma. Ila nakubali swali la maamuzi yaliyokataliwa ni zuri kuliko "umeongoza watu wangapi". Kama mnaondoa sharti langu, basi angalau mdahalo wa wagombea uendeshwe kwa fomu hizo, kila mmoja ahojiwe kwa majibu yake mwenyewe.

MamaHesabu

Na taarifa za ukaguzi ziambatishwe nzima, majibu ya menejimenti yakiwemo. Muhtasari uliotayarishwa na timu ya kampeni usipokelewe. Atakayesema zimepotea, hilo nalo liandikwe kwenye fomu yake.