Eunos Roadster 1.6 ya 1990: inachemka foleni ya Likoni, na zulia limelowa

Mpwa_wa_Tudor

Salaam wenzangu. Gari ni Eunos Roadster (Mazda MX-5 ya soko la Japani) NA6CE ya 1990, injini B6 ya 1600, gia ya mkono. Ikitembea mjini, sindano ya joto hukaa kushoto kidogo ya katikati. Ikiingia foleni ya feri Likoni, hapa Mombasa, na AC imewashwa, haichukui muda sindano ishavuka nusu. AC ikizimwa inarudi polepole. Barabara ya Malindi kwa mwendo wa 100 inapanda pia, ila si sana. Fundi ashauri thermostati itolewe kabisa.

La pili: mvua ikinyesha, zulia la upande wa abiria linalowa, na turubai halionekani kuvuja popote. La tatu: belti ya taimingi haina rekodi yoyote. Nia ilikuwa kuiongezea nguvu kidogo. Nianzie wapi?

MajiNaMoto

Nguvu weka kando kwanza. Na thermostati iache pale pale. Ukiitoa, ECU (kompyuta ya injini) itadhani injini bado baridi, itaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli hiyo itaosha oili kwenye kuta za silinda. Shida ya foleni itabaki, maana gari likisimama kinachokosekana ni upepo, si maji.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Fungua boneti, tafuta kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Washa swichi bila kuamsha injini, kisha unganisha vituo vilivyoandikwa TFA (feni) na GND (ardhi) kwa kipande cha waya. Feni kubwa ya rejeta lazima izunguke papo hapo. Isipozunguka, kagua fyuzi, relei na mota yenyewe. Ikizunguka, basi mota na relei ni nzima, na mshukiwa ni swichi ya joto iliyo kwenye nyumba ya thermostati au waya wake. Baada ya hapo amsha injini na uwashe AC: feni zote mbili zizunguke. Magari mengi ya umri huu yanatembea na feni moja na mwenyewe hana habari, kwa sababu barabarani upepo unamfichia siri.

Kwa kuwa yako inapanda hata kwenye 100, feni peke yake haielezi yote. Inama utazame chini ya pua ya gari. Kuna kinga pana ya plastiki inayotakiwa kuziba kuanzia bampa hadi nyuma ya rejeta. Matuta yetu huing'oa, na mafundi wengi hawairudishi. Isipokuwepo, hewa inapita chini ya rejeta badala ya kupenya ndani yake, na ile moto inazunguka tena mbele. Kama imepotea, kata bati la alumini la milimita 1.5 ufunge kwenye matundu yale yale ya bolti.

Kisha tanki la juu la rejeta. Plastiki yake ilikuwa nyeusi ilipotoka kiwandani. Ikiwa imegeuka kijani au kahawia, imechoka na siku yoyote itapasuka. Usipoteze pesa kuizibua, nunua mpya. Kofia iwe ya 0.9 bar. Kuna wanaouza za 1.3 kwa madai ya "kuzuia kuchemka", lakini mipira ya zamani haitastahimili presha hiyo.

Mfumo wote unabeba lita 6 hivi. Hatuna barafu hapa, kwa hiyo kulanti (dawa ya maji ya rejeta) asilimia 30 hadi 40 inatosha. Kazi yake ni kuzuia kutu na kulinda pampu. Iliyobaki iwe maji yaliyochujwa ya dukani. Maji ya kisima usiyaguse: visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na hedi ya injini hii ni alumini. Weka thermostati mpya ya nyuzi 88, ile tundu dogo la kupitishia hewa likae juu.

Kutoa hewa ndipo wengi wanapoharibu. Pandisha pua ya gari kwenye kilima au jeki na stendi, hita iwe kwenye moto kabisa, kofia wazi. Jaza polepole huku ukibinyabinya mpira wa juu. Acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta mpaka mpira wa juu uwe moto na feni iwake na kuzima mara mbili. Ongeza, funga, jaza chupa ya pembeni hadi kati ya alama za L (chini) na F (juu). Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua tena.

Mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, au mpira wa juu ukawa mgumu asubuhi kabla hujaamsha gari, hapo ni hedi gasketi (ile iliyo kati ya hedi na bloku). Simamisha kila kitu.

Puli_Nane

Naongeza: injini hii asili yake ni ya Mazda 323, iliyolala kwa upana. Walipoigeuza kwa urefu, thermostati ikahamishiwa mbele, upande mmoja na pampu. Matokeo yake maji mengi yanageukia mbele, na silinda ya nne huko nyuma inabaki na joto zaidi. Dawa yake ni kuhamishia njia ya kutokea maji nyuma ya hedi.

MajiNaMoto

Kweli kabisa, na kwa gari la turbo ningeifanya kesho. Lakini haitamsaidia mtu aliyesimama Likoni na feni iliyokufa. Alete majibu ya TFA kwanza.

KutuYaPwani

Nizungumzie zulia, kwa sababu hilo ndilo litakaloua gari. Injini B6 utaipata. Bodi haipatikani, na kanuni ya Kenya ya kutoagiza gari lililozidi miaka 8 haikuruhusu kuagiza nyingine kama unavyoagiza gari la kawaida.

Maji hayapiti kwenye turubai. Nyuma ya viti, kila upande, mfereji wa mpira unapokea maji ya turubai na kuyashusha kwenye tundu, kisha bomba linayatoa chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Vijani vya mwarobaini ni vidogo kiasi cha kupita mferejini na kukwama bombani. Maji yakikosa njia yanafurika: mengine sakafuni, mengine ndani ya kizingiti cha mlango, ambapo hakuna jicho linalofika. Kizingiti kinaoza kutoka ndani kwenda nje. Ukiona rangi imevimba mbele ya tairi la nyuma, ndani hapana bati tena.

Kuzibua: kunja turubai, inua zulia la nyuma, tafuta tundu kila kona. Usichokoe kwa waya wa chuma, utatoboa bomba. Tumia uzi wa nailoni wa mashine ya kufyeka nyasi, unene wa milimita 2 au 3, kisha mimina maji ya kikombe. Yakitoka chini kwa kasi ileile unayomimina, umemaliza. Zibua pia vitundu vilivyo chini ya kizingiti. Mara nyingi rangi ya chini imeviziba.

Na hili ni la leo, si la wiki ijayo: ECU ya 1.6 inakaa chini ya zulia la upande huo huo wa abiria, mbele ya miguu. Ng'oa zulia na sponji, anika juani siku mbili, kagua plagi za ECU kama zina ukungu wa kijani.

Zulia likiwa nje, fungua na buti. Betri iko huko. Inatakiwa AGM (betri iliyozibwa, asidi haimwagiki) au yenye bomba la kutolea gesi nje. Ya kawaida inatapika asidi na kula bati chini yake.

Kuhusu chini ya gari: osha kwa maji baridi kila baada ya kuegesha Nyali au Mtwapa karibu na ufuo, kisha nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Ile desturi ya kupuliza oili chafu siipendi. Ina asidi, inakula bushi za mpira, na vumbi linashika juu yake kama sukari kwenye kitumbua.

Puli_Nane

Belti. Kiwango ni kilomita 100,000, na bila rekodi hesabu kwamba imeisha. Habari njema: kwenye 1.6 hii belti ikikatika pistoni na valvu hazigongani. Gari linazima tu.

Habari mbaya inaweza kuwa krenki. Angalia puli kubwa ya mbele: ukiona matundu manne, una krenki ya pua fupi (ncha yake ya mbele ni fupi), iliyowekwa hadi katikati ya 1991. Matundu manane ni pua ndefu. Kwenye pua fupi, bolti ikilegea baada ya belti kubadilishwa, kabari (kipande cha chuma kinachoshikilia puli kwenye krenki) inatafuna njia yake, puli inayumba na taimingi inahama. Bei ya krenki si ya kuchezea. Kwa hiyo bolti mpya, kabari mpya, kila kitu kisafi, na kaza kwa wrenchi ya kipimo 108 hadi 118 Nm. Usiruhusu bunduki ya upepo. Pua ndefu ni 157 hadi 167, fundi akizichanganya ndipo kilio kinapoanza.

Mkiwa hapo badilisheni pampu ya maji, sili ya krenki na za kamu. Nyuma ya hedi kuna oringi ya sensa ya CAS (inayoiambia ECU injini imezunguka hadi wapi), ikivuja inadondoshea oili mpira wa hita hadi uvimbe.

Nguvu: taimingi ya moto wa plagi, ile ya kiwandani, ni nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu. Mitandaoni utaambiwa uisogeze hadi 14. Injini hii haina sensa ya kusikia injini ikigonga, na joto letu linajulikana. Baki 10.

Mpwa_wa_Tudor

Ahsanteni sana. TFA na GND: feni kimya. Fyuzi nzima. Nikaipa mota volti 12 moja kwa moja, inasuasua na kunguruma. Kinga ya chini haipo. Tanki la rejeta ni kahawia. Puli ina matundu manne. Swali: duka lina rejeta mpya ya gari la otomatiki tu, itaingia?

MajiNaMoto

Mota ndiyo hiyo, imeisha. Usiifungue kuitia karboni, nunua nzima na mabawa yake.

Rejeta ya otomatiki inaingia bila kukata kitu. Tofauti ni vinywa viwili chini vya oili ya gia boksi. Vizibe kwa vifuniko vya mpira visiingie vumbi. Pima kabla ya kulipa: mipira ya juu na ya chini ikae sawa, na matundu ya kufungia feni yalingane na ya zamani.

Puli_Nane

Na ukiwa unamwaga maji hata hivyo, fanya belti na pampu siku hiyo hiyo. Usinunue kulanti mara mbili.