Tupeane uzoefu: bibi zetu waliouza kadi za TANU

Mjukuu wa Ilala: Jana daladala imepita Barabara ya Bibi Titi, kijana mmoja akauliza, "Huyu Titi alikuwa mke wa nani?" Imeniuma, maana ndiye aliyehamasisha wanawake waingie TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika. Mwenye bibi au shangazi aliyehangaikia TANU aandike hapa. Wangu alicheza lelemama, ngoma ya wanawake, na kundi lao zima liliingia chama.

Binti Magomeni: Umenitonesha. Babu alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU. Bibi akakata kadi kwa hela ya vitumbua, akaishonea ndani ya mto. Babu akaikuta. Usiku uleule akamtoa nje na watoto na talaka mkononi, mawifi wamejipanga barazani wanatazama. Mama yangu alikuwa bado ananyonya. Bibi akifika hapo kwenye hadithi, sauti ilikuwa inamkatika, hata uzeeni. Waliompokea ni wenzake wa ngoma: huyu chumba, yule unga, mwingine kanga. Baada ya Uhuru babu alikuja kutaka warudiane. Bibi alikataa.

Kanga Moja: Kwetu vilevile.

Mzee wa Gerezani: Babu msimlaumu. Angefukuzwa kazi, watoto wangekula nini?

Binti Magomeni: Shikamoo mzee wangu. Kazi hakuipoteza. Aliyepoteza nyumba ni bibi.

Kanga Moja: Ilikuwa talaka moja au tatu?

Wa Njoro: Na Moshi je? Lucy Lameck alikuwa muuguzi, akasoma Chuo cha Ruskin, Oxford, akawa mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri nchini. Nyie kila siku Dar, Dar!

Mjukuu wa Ilala: Hakuna aliyembeza, ndugu yangu. Ila Titi alitoka kuimba kwenye kundi la Bomba, akazunguka nchi kuhamasisha wanawake. 1969 akakamatwa, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Hilo nalo tuwasimulie watoto, tusiishie kwenye jina la barabara.

Mama Wawili: Wenye bibi walio hai, warekodini kwa simu wakichambua mchele. Ukimkalisha kitini na maswali ya ofisini, hasemi kitu.

Mzee wa Gerezani: Kadi zipelekwe Makumbusho ya Taifa.

Binti Magomeni: Ya bibi haitoki nyumbani! Watapata picha.

Kanga Moja: Anzeni na nyimbo. Bibi yangu alisahau mpaka majina yetu, lakini ukimwanzishia wimbo wa lelemama anaumalizia wote, na ukikosea anakukemea.

Binti Magomeni: Talaka moja. Ndiyo maana babu alidhani atarudi.