Tupeane uzoefu: Mazoezi ya vitendo yanayowafundisha watoto kushirikiana na kubuni

Mleta mada, Dodoma Mjini
Walimu wenzangu, poleni na kazi. Naomba tupeane uzoefu katika jambo moja linalonisumbua: kundi la watoto likipewa kazi ya vitendo, mmoja hushika kila kitu na waliobaki huwa watazamaji. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu, Chamwino
Mwalimu, mimi hutumia zoezi la mnara lililobuniwa na Peter Skillman, mbunifu wa bidhaa, ambalo kwa asili yake watu wanne hupewa tambi 20, uzi, selotepu na dakika 18 za kujenga mnara mrefu wenye peremende laini kileleni. Zoezi hilo lilipata sifa kwa sababu watoto waliotoka chekechea waliwapita wahitimu wa vyuo vya biashara: wakubwa walipoteza muda wakipanga na kugombea uongozi, wakaiweka peremende mwishoni kabisa, ilhali watoto waliijaribu mapema na kurekebisha kila mnara ulipoanguka.

Kwetu tambi ni za kununua, hivyo baada ya mavuno hutumia mabua ya mtama, kamba za katani, na nyanya badala ya peremende. (Mabua hukata vidole, huyachana mimi mwenyewe.) Kuhusu huyo anayeshika kila kitu, nimeweka sharti kwamba anayefunga kamba ni mmoja tu, wengine washikilie, na kila dakika 5 wapokezane. Muhula uliopita, binti ambaye hata akiulizwa jina husita alipofikiwa na zamu ya kufunga aliwaambia wenzake kwamba miguu mitatu inatosha, kwa kuwa sakafu yetu ina mashimo na mguu wa nne ndio unaoyumbisha. Waliung'oa, na mnara ukatulia.

Mwalimu, Mpwapwa
Kwa darasa langu la watoto zaidi ya 80, kupokezana kila dakika 5 ni vurugu tupu. Nusu hujenga, nusu husimama pembeni na kuandika nani ametoa wazo gani, kisha kesho yake hubadilishana. Zawadi kwa washindi sitoi, maana huwarudisha wote kwa yule yule hodari.

Mleta mada
Nashukuruni sana. Mwalimu wa Chamwino, nyanya hazipasuki zikianguka?

Mwalimu, Chamwino
Chagua mbichi kabisa, ndugu yangu, zile za kijani.